Jembe Lililokuja Bila Mtu

Mzee wa ndiva alikuwa na masikio makubwa. Nalisema mapema kwa sababu masikio yale ndiyo yaliyotulisha. Angeweza kukaa uani kwangu, bakuli la makande mkononi, mazungumzo yamenoga, mara akainua kidole tunyamaze. Halafu angesema, "Pale chini ya mgomba pametoboka," akaliweka bakuli na kuondoka bila kuaga. Ukimfuata ungemkuta amepiga magoti kwenye mfereji, anashindilia udongo kwenye tundu la fuko, anamtukana fuko kwa Chasu, lugha yetu ya Wapare.

Jina lake ninalijua. Silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Mimi niliolewa katika ukoo wake, nikamwita baba kama mkamwana anavyotakiwa. Watoto walimwita babu. Akiwa hayupo, sote tulimwita mzee wa ndiva, na hata mchungaji alimwita hivyo siku alizokuwa amekasirika naye.

Kwa asiyeijua milima yetu ya Upare: ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo, pale kijito kinapoanza kuteremka. Jioni mdomo wake unazibwa, maji yanajaa usiku kucha. Asubuhi unazibuliwa, na maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani, nyumba kwa nyumba, kila nyumba kwa zamu yake. Yetu ilikuwa juu ya Gonja, na mashamba yetu yaliteremka kuelekea tambarare ya Kihurio. Shamba langu lilikuwa mkiani kabisa mwa mfereji. Wa mkiani hunywa kilichobaki. Kwa hiyo niliyoyajua kuhusu yule mzee niliyajua kwa kiu.

Alikuwa mkali. Mimi pia naambiwa ni mkali, lakini mimi nilijifunza kwake, na sikufika hata nusu. Mtu akienda kumlalamikia kwamba zamu yake ilikuwa fupi, alimtazama miguuni. Kama miguu ilikuwa mikavu, alimjibu, "Maji yalifika. Wewe ndiye hukufika." Basi, shauri limekwisha. Aliyechelewa kupokea zamu yake hakufidiwa. Aliyeiba maji ya jirani alifungiwa mfereji mpaka apeleke pombe ya dengelua kwa wazee na kumwomba radhi jirani mbele ya watu. Mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza kuinywa, na alipomaliza kunywa alikuwa amekwisha kusamehe. Kinyongo hakukiweka.

Na alikuwa amebatizwa. Kila Jumapili alikaa kanisani benchi la mbele, na masikio yale, pamoja na ukubwa wake, hayakumsaidia kwenye mahubiri, alisinzia. Lakini kila msimu, kabla ya kuizibua ndiva kwa mara ya kwanza, alimwaga dengelua kidogo ukingoni. Mchungaji alimwona, akamuuliza anamtolea nani sadaka ile. Mzee akakigeuza kibuyu, akakichungulia chini, akasema kinavuja. Mwaka uliofuata kikavuja tena, mahali palepale. Mchungaji alikuwa na shamba la maharage kwenye mfereji wetu, akaacha kuuliza.

Hakupenda kusema neno moja, nalo ni "ameondoka". Hapo ndipo ninapopaswa kueleza habari ya watu kupungua, maana bila hiyo mzee huyu hataeleweka.

Wakati wa Mwingereza vijana wetu walianza kushuka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota milimani. Wakaja wale watu wa kuandikisha vibarua, wakasimama sokoni na mablanketi mabegani, wakasimulia habari za mashamba ya mkonge huko njia ya Tanga: posho ya unga kila wiki, nyumba ya bati, treni ya kukupeleka bure. Kijana akisikia treni, miguu inamwasha. Wakashuka. Wengine walisema ni msimu mmoja tu. Wengine walirudi, wakakaa mpaka nguo mpya zikachakaa, wakashuka tena. Wengine wakapata mashamba ya mpunga Kihurio, wengine Bendera, wakahamisha na wake zao. Mwanzoni unasikia nyumba fulani haitoi moshi. Halafu unaona nyasi za paa zimeinama. Halafu mgomba unaanguka ukielekea uani na hakuna anayeukata.

Siku moja bwana shamba alipanda kuja kuuliza ndiva yetu inalisha nyumba ngapi. Mzee akamtajia nyumba zote, moja moja, kama alivyozikuta alipokabidhiwa kazi na baba yake. Bwana shamba akateremka kuangalia, akarudi amevurugikiwa. "Mzee," alimwambia, "nimekuta nyumba nyingi hazina mtu."

"Wako njiani," mzee akamjibu.

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Aliyekwenda mkonge yuko njiani. Aliyehamia Bendera na mke na kuku yuko njiani. Sisi wanawake tulilifanyia mzaha. Mtoto akitumwa chumvi akachelewa, tulisema naye yuko njiani kama watu wa mzee wa ndiva.

Sasa habari ya majembe. Ndiva inajaa tope. Kila mwaka kabla ya vuli ilibidi ikaushwe na tope lizolewe, na kazi ile ilifanywa na wote kwa pamoja, ndiyo msaragambo. Desturi iliyokuwepo ni kwamba kila nyumba ilileta jembe. Mzee alisimama ukingoni, akaita nyumba kwa nyumba, na nyumba iliyoleta jembe iliitikiwa "ipo". Nyumba iliyokuwepo ilipata zamu ya maji. Na tangu zamani kulikuwa na huruma ndani yake: mwanamume akiwa mgonjwa, jembe lake lilipelekwa na jirani, likalazwa ukingoni, na nyumba yake ikahesabiwa kuwa ipo. Lilikuwa jambo jema. Mgonjwa hapaswi kufa na mahindi yake.

Wanaume walipoanza kushuka, wake zao wakafanya lilelile. Wakatuma majembe. Mimi nilituma. Baba Mbonea, mume wangu, alikuwa ameandikishwa kukata mkonge, na kila mwaka nilimpa shemeji jembe letu alibebe. Mwanamke hakukanyaga ukingo wa ndiva, sembuse kushuka ndani. Wazee walisema maji yatachukia. Hatukuuliza yatachukia nini.

Mzee aliyalaza majembe ukingoni kwa mstari, mipini ikielekea mlimani. Aliyajua yote kwa mipini yake. Akapita akiyataja: nyumba ya fulani ipo, nyumba ya fulani ipo. Kwake yeye hapakuwa na aliyepungua. Na yeye mwenyewe, kila msaragambo, alipanda na majembe mawili begani. Moja lake, moja la mwanawe. Mwanawe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushuka, na baba yake alikuwa akiwasema vijana wote wa mlima ule kwamba wana miguu ya mbuzi, isipokuwa huyo mmoja. Alililaza jembe la mwanawe, lenye mpini mwekundu, mwanzoni mwa mstari, akaliita kwanza.

Mwaka wa taabu ulikuwa ule ambao masika yalikuja mafupi. Vuli ilipokaribia, msaragambo ukaitwa, na majembe yakapanda kama kawaida. Shemeji alirudi jioni na jembe letu kavu. Nikamuuliza kazi imekwendaje. Akaniambia majembe yalijaa ukingo, na watu walioshuka ndani walikuwa wazee na yeye, wakachimba mpaka migongo ikagoma. Tope lilibaki kiunoni mwa mtu. Ndiva ikazibwa hivyohivyo.

Ndiva yenye tope kiunoni inashika maji ya kunawa uso. Zamu zikaenda kama zilivyopangwa, na hapa ndipo nilipokasirika. Maji yalipofika kwenye shamba la mtu aliyehamia Bendera, mzee aliyafungulia yaingie. Lilikuwa shamba lenye magugu yanayomfika mtu kifuani. Magugu yale yalinawiri kama mchicha wa mke wa mchungaji. Jembe la nyumba ile jirani alikuwa amelipeleka, limelazwa ukingoni, limeitwa, lipo. Kwa hiyo magugu yakanywa, na mahindi yangu mkiani yakaanza kujikunja majani mchana.

Wakati huohuo mume wangu alituma maneno kwa mtu aliyekuwa anarudi. Alisema niache shamba, nichukue watoto, nishuke kambini; chumba kipo. Nikamrudishia jibu kwa mtu yuleyule. Mahindi yakifa nitashuka. Yasipokufa, yeye ndiye atakayepanda huku. Sikusema zaidi, kwa sababu sikujua litakalotokea. Nilichojua ni kwamba mtu akishaacha shamba la mkiani hakuna anayemrudishia. Nilikuwa nimewaona walioshuka na watoto. Nyumba zao zilikuwa zile zilizoinamisha nyasi.

Nilikwenda kwa mzee kwanza, nyumbani kwake, kwa adabu. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mkamwana, akanikaribisha kigoda. Nikamwomba azikate zamu za mashamba matupu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kumfungia mtu aliye njiani. Je, siku akirudi akakuta zamu yake amepewa mwingine, atalima nini? Atageuka hapohapo ashuke tena, na safari hii hatarudi. Nikamwambia magugu hayarudi kutoka mkonge, baba. Akasema nina mdomo. Nikasema ninao. Tukaagana vizuri.

Niliporudi nyumbani nikatazama jembe letu lililoegemezwa ukutani. Lilikuwa limepanda na kushuka mlima ule mwaka hadi mwaka bila mimi. Nikapita kwa wanawake wenzangu wa mfereji, wale ambao waume zao walikuwa njiani. Sikuwashawishi kwa maneno mengi. Niliwaambia kesho napanda, anayetaka apande. Mmoja aliuliza maji yakichukia je. Nikamwambia kwangu yameshachukia, yaende tu yakachukie kwa wengine.

Asubuhi nilifunga kaniki kwa kibwebwe nikapanda, na nyuma yangu nikasikia wengine wanapanda. Mzee alikuwa ukingoni peke yake, anaikagua ndiva. Alipotuona aligeuka mzima.

Akaniuliza ninapeleka wapi jembe.

"Baba," nikamwambia, "nimechoka kulituma. Leo nimelifuata."

"Mwanamke hashuki humu."

"Anashuka nani, sasa? Niitie. Ita nyumba yangu, tuone atakayeitika."

Mimi nilidhani ataniadhibu, na nilikuwa nimejiandaa kujibu. Akaita. Aliita kwa sauti ileile ya msaragambo, kama vile ukingo umejaa wanaume. Akaita nyumba yangu, nikaitika "ipo". Akaita nyumba ya mke wa jirani, akaitika. Akaita wote tuliokuwa pale. Kisha akaita nyumba ya mwanawe, jina la mwanawe, na hakuna aliyeitika. Akaita mara ya pili. Tukatazama chini.

Akalichukua lile jembe la mwanawe la mpini mwekundu, ambalo hata siku ile alikuwa amepanda nalo, akalishika kitambo. Halafu akalitupa nyuma yake, kwenye majani.

"Jembe bila mkono lisihesabiwe," akasema. "Kuanzia leo. Hata hilo la mwanangu."

Kisha akatugeuzia mgongo, akatazama tambarare ya Kihurio. Hakusema tushuke, hakusema tusishuke. Nikasubiri. Naye akasubiri. Nikashuka. Tope lilikuwa la baridi, likaninyonya mpaka kiunoni, na wenzangu wakaingia mmoja mmoja wakipiga kelele za baridi. Tukazoa. Tope likatoka. Mzee hakugeuka hata mara moja, lakini hakuondoka, na kila baada ya muda alisema kwa kuelekea Kihurio, "Pale kwenye kona mmeacha." Na kweli kwenye kona tulikuwa tumeacha. Aliisikia kona kwa masikio yale.

Wazee wenzake walipomwuliza jioni kama ni kweli wanawake wameingia ndani ya ndiva, aliwajibu kwamba hakuona kitu, alikuwa anatazama Kihurio.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila msaragambo aliita nyumba, tukaitika, akageuza mgongo, tukashuka, naye akatukaripia mpaka kazi ikaisha huku uso umeelekea tambarare. Hakuturuhusu kamwe. Ukimwuliza, mwanamke haingii ndiva. Mwaka mmoja mimi nilikuwa na mimba nikakosa kwenda, na akaja kwangu amefura kuuliza kwa nini kona ilikuwa chafu.

Maji yakafika mkiani. Magugu ya mtu wa Bendera yakakauka, na mahindi yangu yakafungua majani, yakabeba. Baba Mbonea alipanda siku ya kuvuna, akalikuta jibu langu limesimama shambani. Alishuka tena baada ya hapo, sitaki kudanganya, lakini alikuwa anapanda kila msimu, na mwisho akakaa. Nyumba nyingine hazikupanda tena. Ilipofika zamu ya kuzifuta, mzee hakusema "zimefutwa". Aliliita jina, akangoja, akapita kwenda jina linalofuata. Kungoja kule kulikuwa kunatuuma kuliko matusi.

Kitu kimoja ambacho sikukielewa wakati ule ni kwamba mtu yule hakuwahi kumkaripia mwanawe. Mwanawe alikwisha kuacha mkonge, akapata shamba la mpunga Kihurio, akaoa, akawa na watoto wanaotetemeka kwa homa ya malaria kila mvua. Alikuja kumsalimia baba yake na mchele. Mzee aliupokea, akasema ni mweupe mno, akaula wote.

Miguu ilipomvimba, mwanawe alimpandia akamteremsha. Hatukuzuia. Mtu hatunzwi na ndiva. Kabla ya kushuka aliwaambia wazee kwamba kuita nyumba atabaki nako yule mwenye mdomo. Wazee wakaguna, lakini ambao wangeweza kuipinga hawakuwa wengi, na wengi wa walioshuka ndani ya tope walikuwa wanawake. Nikawa mimi ninayeita.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ilikuwa karibu na mwisho wa utawala wa Mwingereza. Nilishuka Kihurio kuuza maharage, nikapita kumwamkia. Alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, macho yameingia ukungu, masikio yaleyale. Aliitambua sauti yangu kabla sijamaliza shikamoo. Akauliza habari za kona. Nikamwambia safi. Akauliza habari za fuko. Nikamwambia fuko hafi. Akacheka.

Kisha akamwambia mkwewe, mke wa mwanawe, amletee jembe. Akaletewa lake, lile la siku zote. Akalilaza magotini pangu.

"Kesho kutwa ni msaragambo," akasema. "Lipandishe."

Nilijua anachoomba. Shamba lake mlimani tulikuwa tumeliachia zamu kwa mwaka ule mmoja tu, kwa heshima. Kama nyumba yake isingeitika, zamu ilikuwa inakwenda kwa mwingine.

"Baba," nikasema, "jembe bila mkono hatulihesabu. Wewe ndiye uliyekata."

"Najua nilichokikata."

"Basi siwezi."

Mkwewe alinitazama kama vile nimempiga mzee kofi. Nikalirudisha jembe magotini pake. Ilikuwa inanichoma, lakini nilikuwa nimewafuta watu kwa maneno yale, majirani, na nisingeweza kuwatazama machoni wake zao waliobaki kama ningembebea yeye.

Mzee akalipapasa mpini kwa vidole. "Punda yupo?" akamwuliza mkwewe.

Siku ya msaragambo tulikuwa ukingoni tukasikia punda. Mkwewe alikuwa anamvuta, na mzee juu yake ameshikilia shingo kama mtoto. Tukamteremsha, tukamkalisha ukingoni. Kwa desturi yake nikataka kumwelekeza Kihurio. Akakataa. Akasema nimgeuze. Basi kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushuka ndani ya ndiva ile, yule mzee alikaa ameielekea, wanawake ndani, kaniki zimefungwa, na macho yake yalikuwa hayaoni tena kitu.

Tukachimba. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyofanya uani kwangu na bakuli mkononi. Nikapanda kumwuliza kama anahitaji maji ya kunywa. Akanishika mkono nisiseme.

"Nasikia mikono," akasema. "Yale majembe niliyokuwa nayalaza hapa, hayakuwa na sauti."

Yeye aliita kabla ya kazi; mimi niliita watu wakiwa wamekwisha kushika kazi, na wakati huo ukafika. Niliita kama alivyonifundisha, na nilipofika kwake sikuibadilisha sauti. Niliita nyumba yake nikangoja. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Akaliinua jembe, akalikokota kwenye tope la ukingoni, mkokoto mmoja tu. Mkwewe akainama, akaweka mikono yake miwili kwenye mpini chini ya ile ya mzee, na mkokoto wa pili ukaingia.

"Ipo," akasema mkwewe, kwa kuwa mzee alikuwa anahema.

Nikampa zamu. Mkwewe alibaki mlimani na watoto wake wenye homa, kwanza kwa kumwuguza mzee, halafu akapanda maharage kwa sababu maji yalikuwa yanaingia shambani na hakutaka yapotee. Maharage yale aliyavuna mwenyewe, na watoto wakaacha kutetemeka. Mumewe alikuwa anapanda na mchele, anashuka.

Mzee alikaa ukingoni siku ile mpaka tulipomaliza. Tulipokuwa tunanawa miguu, tumechoka, tunacheka, akainua kidole. Tukanyamaza wote.

"Kwenye kona," akasema.

Nikachukua jembe nikarudi ndani.